Kwa nini molekuli iliyo kwenye PDF yako haizunguki, na namna ya kuifanya izunguke

Kila msimu wa kukabidhi tasnifu, swali hili hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa biokemia na famasia, kutoka Maseno hadi Njoro: mbona mchoro wa protini ulioandikwa "bofya uzungushe" umeganda? Majibu yanayotolewa huwa matatu, na yote yanapotosha. Wa kwanza husema faili iliharibika ilipokuwa ikitumwa. Wa pili husema ina virusi, kwa kuwa kompyuta ya saiba ilitoa onyo la manjano ilipoifungua. Wa tatu huilaumu simu kwamba ni dhaifu. Kwa kawaida faili ni nzima, onyo lina sababu nyingine, na simu hiyo hiyo inaendesha michezo mizito kuliko protini yoyote. Kiini cha tatizo ni kitu gani hasa kilichotiwa ndani ya waraka, na ni programu gani inayotakiwa kukichora.

Molekuli ni atomu zilizoungana. Mahali pa kila atomu panaelezwa kwa namba tatu: umbali wa kulia na kushoto, wa juu na chini, wa mbele na nyuma. Namba hizo huitwa viwianishi. Kipimo chake ni angstromu, na angstromu bilioni kumi ndizo zinazotimiza mita moja. Faili ya molekuli, basi, ni orodha ya maandishi tu. Katika muundo wa zamani unaoitwa PDB, kila atomu ina mstari wake wa herufi 80, na kila kiwianishi hupewa nafasi nane za mstari huo. Unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kuandikia na kuisoma kwa macho. PDB pia ndilo jina la hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini, iliyoanza mwaka wa 1971 ikiwa na maumbo 7 na ambayo sasa ina zaidi ya 200,000. Usiichanganye na PDF. Herufi moja tu inazitofautisha, na wengi wametuma moja wakidhani ni nyingine.

Viwianishi vinaweza kumfikia msomaji kwa njia tatu. Ya kwanza ni vyenyewe, vile vilivyo, pamoja na programu itakayovichora mbele ya macho yake. Ya pili ni kuvigeuza kwanza kuwa wavu, yaani maelfu ya pembetatu ndogo zilizoshonana kufanya uso wa umbo. Ya tatu ni picha tuli. Fikiria fundi cherehani. Viwianishi ni vipimo alivyoviandika kwenye daftari: kwa vipimo hivyo fundi mwingine yeyote anaweza kushona upya, kwa kitambaa na mtindo anaotaka. Wavu ni gauni lililokwisha kushonwa: utaligeuza mbele na nyuma, lakini mtindo hubadilishi. Picha tuli ni picha ya mtu aliyelivaa. Karibu kila utata ninaoueleza hapa unatokana na mtu kupewa gauni akidhani amepewa vipimo, au kupewa picha akidhani ni gauni.

Pale ambapo picha tuli haitoshi

Si kila molekuli inahitaji kuzungushwa. Aspirini ina atomu 21, na mchoro mmoja mzuri unatosha. Lakini chukua hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya ugonjwa wa selimundu, jambo linalogusa familia nyingi kandokando ya Ziwa Victoria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya mwaka wa 1949 akaona kwamba hali hii imeenea sana kando ya ziwa na pwani, ilhali nyanda za juu ni nadra. Mwaka wa 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) ya sita, ambayo kwa kawaida ni glutamati, inakuwa valini. Glutamati hupenda maji, valini huyakimbia. Oksijeni ikishaondoka, valini hiyo huchomeka kwenye kijishimo kilicho juu ya hemoglobini jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, nayo ile jirani hushika nyingine, hadi nyuzi ndefu zinapinda chembe nyekundu ya damu ikawa kama mundu.

Umbo hili limo kwenye hifadhi ya PDB kwa namba 2HBS, lililochapishwa mwaka wa 1997 kwa uangavu (kiwango cha undani unaoonekana) wa angstromu 2.05. Lina hemoglobini mbili nzima, minyororo minane, karibu atomu 9,000. Sasa jaribu kukionyesha kijishimo hicho kwa picha moja. Ukiangalia kutoka mbele, mnyororo mwingine unakiziba. Ukiangalia kutoka upande, unaona valini inaingia lakini huoni inaingia kwenye nini. Mtu akishika umbo na kuligeuza mwenyewe, anaelewa kwa muda mfupi kile ambacho aya mbili za maandishi zimeshindwa kukisema. Video au picha ya GIF inayozunguka haifikii hapo, kwa kuwa njia ya kuzunguka ilishaamuliwa na aliyeitengeneza, na upande unaoutaka wewe huenda usipite kamwe.

PDF hubeba wavu tu

PDF ilianza kukubali maumbo ya vipimo vitatu katika toleo lake la 1.6, katikati ya miaka ya 2000. Umbo hutiwa ndani kwa muundo wa U3D, au PRC uliofuata baadaye. Mwanzoni mwa 2009 jarida la Nature lilitoa makala ya elimu ya nyota yenye mchoro wa aina hii, na watu wengi wakaamini kwamba muda si mrefu kila makala ingekuwa hivyo. Haikuwa hivyo, na sababu zake ndizo zinazomsumbua mwanafunzi wa leo.

Kwanza njia yenyewe, kwa anayeihitaji. Fungua umbo katika Jmol, programu ya kuchora molekuli, ondoa molekuli za maji, chagua mtindo wa utepe kwa minyororo na vijiti kwa asidi amino chache unazotaka zionekane, kisha liandike kama faili ya IDTF. Faili hiyo ni maandishi, na programu ndogo iitwayo IDTFConverter huigeuza kuwa U3D. Njia nyingine ni kutoa wavu kutoka PyMOL, programu nyingine ya kuchora molekuli, kama faili ya .wrl, kuufungua katika MeshLab, programu ya kuhariri wavu, na kuutoa kama U3D. Kisha katika LaTeX, mfumo wa kupanga waraka kwa amri za maandishi, unatumia kifurushi cha media9 na amri yake \includemedia, ambayo hudai vitu viwili: faili ya U3D, na picha tuli ya kuonekana kabla msomaji hajabofya.

Picha hiyo tuli iandaliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo itakayochapishwa kwenye karatasi na ndiyo wasomaji wengi watakayoiona. Kwa mchoro wenye upana wa sentimita 12 na uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 1,417 kwa upana. Ukipiga picha ya skrini kwenye dirisha dogo utapata nusu ya hapo, na herufi zitatoka na ukungu.

Mambo mawili huharibika mara kwa mara katika hatua hii. La kwanza ni umbo kutoonekana kabisa baada ya kubofya: kisanduku cheupe, basi. Sababu yake ni kamera. Faili haijui isimame wapi kulitazama umbo, kwa hiyo inaweza kuwa ndani yake, au mbali mno. Weka chaguo la 3Dmenu katika amri yako, fungua PDF kwenye Adobe Reader, bofya kulia na uchague Generate Default View. Utapewa namba za kitovu na umbali, uzinakili kwenye 3Dcoo na 3Droo, na utengeneze waraka upya.

La pili ni uzito, na hapa hesabu inasaidia. Ukichora kila atomu kama tufe lenye pembetatu 320, ambalo ni tufe la wastani tu, atomu 9,000 zinakuwa pembetatu 2,880,000. Katika faili ya STL ya namba-mbili, muundo mmojawapo wa kuhifadhi wavu, kila pembetatu huchukua baiti 50, kwa hiyo unapata megabaiti 144, tena bila rangi, maana STL ya kawaida haihifadhi rangi. U3D hubana vizuri zaidi, lakini kompyuta bado italazimika kuzichora pembetatu zote hizo. Viwianishi vyenyewe vya atomu hizo 9,000, kwa baiti 81 kila mstari, ni kama kilobaiti 730. Ndiyo maana nikasema chagua utepe: unashuka hadi makumi ya maelfu ya pembetatu, na hoja yako ya kisayansi haipotezi kitu.

Sasa kwa nini haizunguki simuni. Programu ya kutegemewa kwa maumbo haya ni Adobe Acrobat Reader ya kompyuta. Visomaji vya PDF vilivyomo ndani ya vivinjari huonyesha picha tuli, na programu nyingi za simu vilevile. Anayetumia Linux hana bahati zaidi, kwa kuwa Adobe iliacha kutoa Reader mpya ya Linux mwaka wa 2013. Hata kwenye kompyuta yenye programu sahihi, uwezo huu umezimwa kwa chaguo-msingi. Ndipo lile onyo la manjano linapotokea. Haliambii mtu kwamba faili ina virusi. Linasema kwamba uchoraji wa vipimo vitatu umefungwa. Sababu ni ya kweli: Desemba 2011 ilibainika kwamba wahalifu walikuwa wakitumia kasoro katika usomaji wa U3D kuingilia kompyuta za watu. Kama faili imetoka kwa jarida unalolijua au kwa msimamizi wako, nenda Edit, kisha Preferences, kisha 3D & Multimedia, uweke alama kwenye kisanduku cha kuruhusu. Kama hujui ilikotoka, acha imefungwa. Huo si woga.

Na Word? Matoleo mapya ya Word na PowerPoint yanapokea maumbo ya glTF na OBJ, na unaweza kuyageuza kwa kipanya ukiwa ndani ya programu hizo. Ukihifadhi waraka kama PDF, umbo linageuka picha tuli papo hapo. Wengi wamegundua hivyo baada ya kukabidhi.

Kuna pingamizi moja zaidi, ambalo mara nyingi hujitokeza mwishoni kabisa. Maktaba nyingi za vyuo hutaka tasnifu katika PDF/A, muundo wa kuhifadhi nyaraka kwa miaka mingi. Matoleo yake ya 1, 2 na 3 yanakataza maumbo ya vipimo vitatu. Toleo la PDF/A-4e la mwaka 2020 ndilo linaloyaruhusu. Uliza maktaba yako kabla hujaanza kazi yote niliyoieleza hapo juu.

Ukurasa wa HTML hubeba viwianishi vyenyewe

Zamani kurasa za mtandao, ambazo huandikwa kwa HTML, zilionyesha molekuli kwa Jmol iliyoendeshwa na Java, lugha ya programu, ndani ya kivinjari. Vivinjari vilipoacha kuunga mkono Java, Chrome ikiwa imefunga mlango huo kabisa mwaka wa 2015, kurasa nyingi za kufundishia zilibaki na visanduku vya kijivu. Kilichookoa hali ni WebGL, njia ya kivinjari kuchora vipimo vitatu bila programu ya ziada, iliyotolewa 2011. Leo Jmol ina ndugu yake JSmol. Kuna pia 3Dmol.js iliyotoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na Mol* ambayo hifadhi ya PDB yenyewe huitumia. Zote hufanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android.

Tofauti kubwa na PDF ni kwamba hapa msomaji anapewa vipimo vya fundi. Akigusa atomu anaweza kuambiwa jina lake na namba yake. Anaweza kupima umbali kati ya valini ya 6 na lusini ya 88. Anaweza kubadilisha utepe kuwa matufe. Kwenye U3D hayo yote yamekufa, kwa sababu pembetatu haijui kwamba iliwahi kuwa sehemu ya atomu.

Kwa tasnifu au mwongozo wa maabara, ushauri wangu ni huu: katika PDF weka picha tuli nzuri tu, na pembeni yake toa faili moja ya HTML inayojitosheleza. Inayojitosheleza maana yake ni kwamba maktaba ya 3Dmol.js, yaani msimbo wake wa programu, imenakiliwa nzima ndani ya faili, na viwianishi pia vimebandikwa humo humo. Ukubwa wote ni megabaiti chache. Inapita kwa WhatsApp au flashi, na anayeifungua hatumii bando hata kidogo.

Katika 3Dmol.js si lazima ujue kuandika programu. Unabandika maandishi ya PDB ndani ya kisanduku cha maandishi kilichofichwa, unakipa kitambulisho, kisha unaunda kisanduku cha kuchorea chenye darasa la viewer_3Dmoljs na kukielekeza kwa data-element na data-type. Mitindo huongezwa kwa data-select na data-style: utepe kwa wote, kisha vijiti kwa namba 6, 85 na 88 za minyororo ya beta, ambayo katika 2HBS ni B, D, F na H.

Ikitoka tupu, angalia mambo haya kabla ya kulaumu simu. Kisanduku cha kuchorea lazima kipewe urefu na upana kwa pikseli, la sivyo kivinjari hukipa urefu wa sifuri na molekuli inachorwa mahali pasipo na nafasi. Pia, kama viwianishi viko kwenye faili ya pembeni badala ya kuwa ndani, kivinjari kitakataa kuvisoma pale ukurasa unapofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye folda; ni kanuni ya usalama, na itakupotezea muda mwingi kwa kuwa ukurasa ule ule ukiwekwa kwenye seva hufanya kazi bila shida. Na ukurasa wenye molekuli nyingi mno huzima za kwanza: Chrome ya kompyuta huruhusu michoro 16 ya WebGL kwa wakati mmoja, na simu huruhusu pungufu. Weka picha tuli kila mahali, na mchoro hai uanze tu msomaji anapougusa.

Acha pia nafasi pembezoni mwa kisanduku. Kikijaza upana wote wa simu, kidole cha msomaji anayetaka kushuka chini ya ukurasa kitanaswa na molekuli, na atakwama hapo akiizungusha.

Umbo linalozunguka linaweza kudanganya

Kitu kinachozunguka kinaaminika haraka, na kwa hiyo maelezo yaliyo chini yake yana uzito zaidi. Rangi si za kweli. Oksijeni nyekundu, nitrojeni buluu, salfa manjano: hiyo ni desturi ya wanakemia, na atomu moja moja haina rangi ya kuonekana kwa jicho. Utepe nao haupo ndani ya protini. Ni njia ya kufuata mkunjo wa mnyororo. Na katika maumbo mengi yaliyopatikana kwa eksirei, 2HBS likiwa mojawapo, atomu za haidrojeni hazimo, kwa kuwa ni nyepesi mno kuonekana kwa uangavu huo. Mwanafunzi anayehesabu haidrojeni kwenye umbo kama hilo atapata jibu la sifuri na kudhani ni sahihi.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa maumbo ya AlphaFold, programu inayokisia maumbo ya protini. Hayo ni makisio ya kompyuta, hayakupimwa maabarani, na maelezo ya mchoro lazima yaseme hivyo. Rangi zake humaanisha kiwango cha uhakika: buluu iliyokoza ni juu ya alama 90, chungwa ni chini ya 50. Ukizibadilisha ili zipendeze, umefuta taarifa muhimu kuliko zote. Kisha kuna mtego wa namba. AlphaFold huhesabu kuanzia methionini ya kwanza, ambayo hukatwa katika hemoglobini iliyokomaa. Kwa hiyo asidi amino ya sita ya 2HBS ni ya saba huko. Anayechagua namba 6 katika umbo la AlphaFold la beta anaangazia prolini, na kuwaeleza wasomaji wake selimundu kwa asidi amino isiyohusika.

Ukiwa na umbo kubwa sana, ribosomu kwa mfano, muundo wa zamani wa PDB haukufai kwa sababu nafasi zake za namba huishia atomu 99,999. Tumia mmCIF, muundo mpya wa faili za molekuli, na ubadilishe data-type iendane nayo.

Data za hifadhi ya PDB ni huru chini ya CC0, leseni inayoachia haki zote, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuombwa ili kubandika viwianishi ndani ya faili yako. Andika namba ya umbo, njia iliyotumika kulipata na uangavu wake chini ya mchoro, na uiweke faili ya viwianishi yenyewe kwenye kiambatisho. Kisha, kabla ya kukabidhi, jitumie faili ya HTML kwenye simu ya bei nafuu, zima data na Wi-Fi, uifungue. Ikionyesha maandishi matupu badala ya umbo, simu imeifungua kwa programu ya kusomea maandishi. Ihifadhi kwanza kwenye simu, halafu uifungue kwa Chrome. Ikiwa nyeupe kabisa, kuna kitu ambacho bado kinategemea mtandao, na mara nyingi ni ule mstari wa kuita maktaba ya 3Dmol.js uliosahau kuuondoa.